Mkojo una bakteria ila mama haumwi: kwa mnaoanza kliniki ya sukari

Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya sukari, hii itawakuta mapema sana: mama kaja na majibu ya mkojo, maabara wameandika bakteria wengi, usaha upo, na wewe peni tayari inaandika cipro, antibayotiki ile. Tulia kwanza. Weka karatasi pembeni umuulize mama mwenyewe, akikojoa panauma? ana homa? maumivu chini ya kitovu au ubavuni? Kama hana hata kimoja hao bakteria ni wapangaji tu, waache, na huo usaha peke yake usikutishe.

Kukojoa kojoa nako kuulizie kwa akili, maana sukari ikipanda mtu anaamka usiku kucha bila UTI yoyote, sasa ukipima sukari ukakuta 18 unatafuta nini tena kwenye mkojo?

Na sio maneno yangu haya. Kanada walichukua wanawake 105 wenye kisukari na bakteria bila dalili, kama nusu wakapewa antibayotiki na wengine vidonge visivyo na dawa, wakawafuatilia mpaka miaka 3, majibu yakatoka 2002. Walioumwa UTI ya kweli ni 42% kwa waliotibiwa na 40% kwa wasiotibiwa, yaani kitu kile kile, ila waliotibiwa walimeza antibayotiki siku nyingi karibu mara tano ya wenzao. Mwongozo wa Marekani wa 2019 nao unasema mwenye kisukari asiye na dalili usimpime bakteria wa mkojo, usimtibu.

Alafu cipro kwa mama anayetumia glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari) inaweza kumshusha sukari vibaya, hata Septrin, antibayotiki nyingine, hivyo hivyo, watu wengi hawalifikirii hili kabisa.

Kazi ngumu ni kumuelewesha. Atakwambia "dokta, mbona imeandikwa nina wadudu na hunipi dawa?" Mimi huwa namjibu, mama, hawa tukiwaua leo watarudi, na wakirudi wanaweza kuwa sugu, siku ukiumwa kweli tukakosa cha kukupa. Ila ukisikia kuuma, homa au mgongo, njoo siku hiyo hiyo usingoje tarehe ya kliniki. Akielewa hiyo hatapitia duka la dawa akitoka getini (wengine watapitia tu, ndo hivyo).

Angalieni na makopo jamani, kopo limekaa dirishani toka asubuhi na joto hili la Dar unategemea lisiote kitu? Mkojo wa katikati (aanze kukojoa kwanza ndo akinge), na ufike maabara ndani ya masaa mawili.

Wa kutibiwa hata bila dalili wapo: mjamzito, na anayeenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo utakaotoa damu. Kwahiyo kabla hujamruhusu mama ambaye bado anaona siku zake muulize za mwisho lini, akisita sita pima mimba, na ikiwepo mkojo uoteshwe (maabara wakuze bakteria waone ni wa aina gani), umpe dawa inayomfaa mjamzito, sio cipro.