Nilipojibiwa "hakuna shida", nilidhani tumeelewana

Mara ya kwanza kwenda Guangzhou kufuata mzigo ilikuwa mwaka 2014. Nilikuwa nimeuza mapazia Kariakoo miaka sita, nikichukua majora kwa wafanyabiashara wakubwa, na nilijua naijua biashara. Walionitangulia China walinionya kuhusu lugha, chakula na vibaka wa simu. Hakuna aliyenionya kwamba kuna mahali Wachina na sisi tunafanana sana, na kwamba ni hapo hapo ndipo tunapopotezana.

Kwenye soko la vitambaa la Zhongda nilipata kitambaa kizito cha kuzuia jua, upana sentimita 280, yuani 26 kwa mita. Nikaanza kuomba punguzo kama ninavyofanya siku zote. Laoban, ndivyo wanavyomwita mwenye duka au kiwanda, akashuka hadi 24, kisha 22. Nikainuka kama ninayeondoka. Akaniita. Tukapatana 18. Nikamuuliza kupitia kwa mkalimani, "Ubora ni uleule?" Akajibu, "Mei wenti." Hakuna shida. Nikalipa asilimia 30 ya kutanguliza, nikarudi hotelini nikimshukuru Mungu.

Mzigo ulipofika stoo nilifungua jora la kwanza, na mkono ukajua kabla ya macho. Kitambaa kilikuwa chepesi. Nilipokiinua mbele ya taa, nikaiona taa. Miezi michache baadaye wateja wakaanza kurudi, mapazia yamepauka upande wa dirishani. Mama mmoja alinirudishia pea nne. Hakugomba. Alikuwa amezifua, amezipiga pasi na kuzikunja vizuri, akaziweka mezani kwangu akanyamaza. Bora angenitukana.

Mwaka mzima nilimwita yule laoban tapeli. Leo siwezi kusema hivyo. Kariakoo mnapopatana bei, bidhaa iko rafuni, mnaiona wote wawili. Kinachopungua ni faida ya muuzaji. Kiwandani bidhaa bado haijazaliwa. Ukishusha bei, unapunguza uzi, unapunguza rangi. Kwa mtu wa kiwanda, mteja aliyetoka 26 akang'ang'ania 18 ameagiza kitambaa cha 18, na ni mtu mzima, anajua anachotaka. Kumwambia waziwazi kwamba kwa hela hiyo atapata kitu hafifu kungekuwa ni kumuumbua mbele ya mkalimani.

Na hapo ndipo tunapofanana. Fundi wako wa cherehani ukimuuliza kama gauni litakuwa tayari Ijumaa, anakujibu, "Hakuna shida, dada." Ukialikwa shughuli usiyoweza kwenda, unasema, "Tutaangalia." Hakuna anayekusudia kudanganya hapo. Tunamstahi mtu, kwa sababu uso umeumbwa na haya. Wachina nao wana "yanjiu yanjiu", yaani ngoja tulitazame kwanza, na mara nyingi maana yake ni hapana. Neno la namna hiyo ukilisikia mtaani kwenu unalipima kwa sauti na macho ya anayelisema. Likipita kwa mkalimani linafika limenyooka, nawe unalishika kama kiapo.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwa safari ya kwanza, acha kabisa maswali yanayojibika kwa "ndiyo". Usiulize kama ubora ni mzuri. Uliza kitambaa hiki kina gramu ngapi kwa mita ya mraba, na cha bei ya chini kina ngapi, kisha omba uvishike vyote viwili. Kubalianeni kwanza kitu chenyewe, bei ifuate. Mimi siku hizi sampuli naikata vipande viwili pale pale dukani, kila kipande kinaandikwa tarehe, uzito na namba ya rangi, tunasaini vyote. Kimoja chake, kimoja changu. Ile asilimia 70 iliyobaki siitumi mpaka mtu wangu afike kiwandani kabla kontena halijafungwa, afungue majora anayoyachagua mwenyewe, alinganishe na kipande changu. Mkataba uwe na muhuri mwekundu wa kampuni, maana China muhuri ndio wenye uzito kuliko saini ya mtu, na jina la kwenye muhuri lifanane na jina la akaunti unayoilipa. Likitofautiana, usilipe.

Kalenda nayo ina watu ndani yake. Januari 2018 niliweka oda ya Idi, nikaambiwa siku 30. Mwaka mpya wa Kichina uliangukia tarehe 16 Februari. Kabla hata ya siku hiyo wafanyakazi walishaanza kuondoka kwenda vijijini kwao, na baada ya sikukuu wengine hawakurudi kiwanda kile. Idi ikafika katikati ya Juni, mapazia yangu yako bandarini. Mwaka mpya wa Kichina nao hufuata mwandamo wa mwezi, hivyo tarehe yake huhama kati ya takriban tarehe 21 Januari na 20 Februari. Iangalie kabla ya kuangalia nauli ya ndege.

Kosa lililoniuma zaidi lilikuwa la ulimi. Mwaka huohuo nilimkuta laoban wa kiwanda kipya huko Foshan, mji jirani na Guangzhou, na jora lenye dosari ya ufumaji, nikamsemesha kwa ukali mbele ya vijana wake. Hakujibu. Aliwasha sigara, akatazama chini. Wiki tatu nzima ujumbe wangu wa WeChat haukujibiwa. Nilikuwa na haki kwenye jora, sikuwa na haki kwenye namna. Safari iliyofuata nilimwomba tuongee pembeni, nikamwonyesha picha za dosari bila kupaza sauti, akabadilisha majora 12 bila kubishana.

Jioni ile alinipeleka kula. Meza ya duara, birika la chai linazunguka. Mkewe aliponimiminia, nikaona wengine wanagonga meza taratibu kwa vidole viwili, nami nikagonga. Ndivyo watu wa Guangdong, jimbo lenye miji hiyo, wanavyoshukuru wakimiminiwa chai, bila kukatiza mazungumzo. Mkewe akacheka kwa furaha, akaniongeza. Tangu siku hiyo namuuliza laoban habari za mama yake kabla ya kuuliza bei, na sioni kama ni ugeni. Ndivyo nilivyolelewa.

Mwaka jana niliomba anipunguzie kutoka 25 hadi 21. Akakishika kitambaa, akakivuta, akanitazama machoni, akasema, "Bu xing." Haiwezekani, ukitaka 21 kitapauka. Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia hapana kutoka mdomoni mwake. Nilimlipa 25.