Barua kwa mwanangu: Sabato ya rafiki yako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza jikoni, nikaurudia mara ya pili baba yako alipoingia. Unasema rafiki yako wa kazini, yule Myahudi anayeshika dini, amekualika wikendi: Ijumaa usiku kwa marafiki zake hapo Upper West Side, New York, mlale kwake, Jumamosi mchana mle kwa dada yake. Unauliza uende au usiende, na ukienda ujichunge vipi usije ukamwaibisha. Halafu ukauliza mbona alikwambia kwamba hiyo ndiyo siku anayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayomchosha kuliko zote.

Nenda. Hilo halina mjadala.

Unajua nilimtunza nyanya mmoja wa Kiyahudi huko Teaneck, New Jersey, nikiishi mle mle nyumbani mwake. Binti yake wa mwisho alikuwa hajaolewa, na kila baada ya wiki chache alikuja kushinda Sabato na mama yake. Kwa hiyo mambo haya niliyaona nikiwa ndani.

Mwezi huu wa Desemba jua la huko linazama kama saa kumi na nusu jioni, na mishumaa ya kuanza Sabato huwashwa dakika 18 kabla ya hapo. Omba ruhusa kazini mapema, ufike kabla ya mishumaa. Chukua maua, na uyafikishe mapema yatiwe kwenye maji. Chakula ulichopika mwenyewe usipeleke, hata kama pilau yako ni tamu vipi, kwa sababu jikoni kwako si kosheri, yaani hakufuati masharti yao ya chakula. Mvinyo mezani usimmiminie mtu. Wana masharti kuhusu nani anaushika, waachie wenyewe. Na swichi za taa usiguse kabisa! Taa zinazowaka zimeachwa makusudi au zimetegeshwa saa. Ukizima ya choo kwa mazoea ya kwetu ya kubana umeme, wageni wote watapapasa gizani mpaka kesho yake, na hakuna atakayekuomba uiwashe, maana hata kukuomba hawaruhusiwi. Ila wakati wa hatari kwa maisha hayo yote huwekwa kando. Usiku nyanya alipobanwa na kifua, binti yake alinyakua simu akaita ambulansi kabla mimi sijavaa viatu.

Wanaume wengine hawatakupa mkono. Umekua na majirani Waislamu hapa Nakuru, hilo si geni kwako. Sema tu "Shabbat Shalom", salamu yao ya Sabato, utabasamu.

Sasa utashangaa kuona vijana wengi hivyo wasio na ndoa katika mitaa michache. Sababu ni miguu. Siku ya Sabato hawapandi gari wala treni, kwa hiyo mtu lazima aishi mahali anapoweza kutembea hadi sinagogi na hadi mezani kwa wenzake. Upper West Side imekuwa mtaa wao kwa miongo mingi, na Lincoln Square Synagogue, iliyoanza miaka ya 1960, ilijulikana kwa kuwavuta vijana wa aina hiyo. Ijumaa utakuta sebule ndogo, meza mbili zimeunganishwa, viti vya kuazima, kila mtu ameleta sahani yake. Watanawa kwa kopo lenye vishikio viwili, halafu kimya mpaka mkate ukatwe. Usidhani wamegombana. Mikate ya hala huwa miwili, kwa kumbukumbu ya ile mana ya jangwani iliyoshuka maradufu siku ya sita.

Kabla ya divai wataimba Mithali 31, ile tunayoisoma kwenye harusi na mazishi ya kina mama: "Mke mwema, ni nani awezaye kumwona?" Nyumbani kwenye ndoa, mume humwimbia mkewe. Hapo kwa marafiki wataiimba wote, wengine kwa utani, mwingine akiangalia sahani yake. Wewe mwangalie rafiki yako kidogo, halafu angalia kwingine.

Maana hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Siku hiyo hakuna anayemuacha mtu ale peke yake. Simu zimezimwa, watu wanakaa mezani kwa muda wa saa tatu wakibishana na kuimba, na mtu anayeishi peke yake anapata ndugu wa kumjaza wiki nzima. Lakini kila kitu mezani kimepangwa kwa mume, mke na watoto. Nyanya wangu alikuwa akimwekea binti yake mikono kichwani kila Ijumaa, binti mwenye mvi mbili tatu tayari, akimwombea Mungu amfanye kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Wake za watu, wote wanne. Binti aliinama vizuri, akashukuru, akaenda kuleta supu.

Jumamosi kwa dada ndiko kwenye kazi. Mtapewa cholenti, maharagwe, shayiri, viazi na nyama vilivyolala motoni tangu Ijumaa kwa kuwa hawawashi moto. Ni chakula kizito, pakua kidogo kwanza. Kisha shangazi fulani ataanza: una miaka mingapi sasa, na yule daktari wa Chicago mliishia wapi? Mazungumzo ya biashara yamekatazwa siku hiyo, lakini ya posa yameruhusiwa tangu zama za Talmudi, maandiko yao ya kale ya sheria, na washenga wanalijua hilo vizuri. Rafiki yako hawezi kujifanya amepigiwa simu. Hawezi kuingia kwenye gari. Na kwa vile kuandika pia hakuruhusiwi, shangazi huhifadhi majina kichwani. Kule Teaneck simu ya mezani ilianza kulia nyota zikiwa hazijatulia angani.

Wazee wao walikuwa na haya zaidi. Binti wa nyanya alinisimulia kwamba Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, inaeleza kwamba siku ya 15 ya mwezi wa Avu wa kalenda yao, mabinti wa Yerusalemu walitoka kucheza katika mashamba ya mizabibu wakiwa wamevaa nguo nyeupe za kuazima, wote, hata wenye nazo, ili asiye na nguo asione aibu. Ningependa shangazi huyo akumbushwe, lakini si na wewe, mgeni. Wewe muulize shangazi jinsi anavyopika cholenti. Atasahau daktari wa Chicago kwa robo saa nzima. Na mkirudi kwa miguu usimuulize rafiki yako kwa nini hajaolewa. Ameulizwa ya kutosha.

Jioni, nyota tatu zikionekana, wataaga Sabato kwa divai, karafuu za kunusa na mshumaa uliosukwa. Kwa desturi, msichana asiyeolewa hushika mshumaa huo, naye huuinua kufikia kimo cha mume anayemtaka. Wakikukabidhi wewe, inua. Baba yako anasema usipitishe kimo chake.

Nipigie Jumapili.

Mama yako