Comadre, wewe unalipwa ngapi?

Kazi yangu ya kwanza Marekani ilikuwa kusafisha vyumba vya hoteli moja Aurora, jirani na Denver, jimbo la Colorado. Vyumba kumi na vinne kwa shifti. Tuliosukuma matoroli tulikuwa wanawake karibu wote, na wengi walitoka Mexico, Honduras na El Salvador. Aliyenifundisha kazi alikuwa mama wa Honduras aliyekwisha kaa pale miaka sita. Yeye ndiye aliyenionyesha kuinua kona ya godoro kwa goti ili mgongo upone. Nilipojifungua mwaka 2022 alinibebea supu mpaka nyumbani, akaanza kuniita comadre. Ndivyo wanavyoitana mama mzazi na mama wa ubatizo wa mtoto. Mimi Mwislamu, mwanangu hakubatizwa, lakini jina likakaa, nami nikamwita hivyo hivyo.

Tulijuana mpaka ndani. Nilijua deni la dada yake na dawa za shinikizo la damu za mama yake. Mshahara wake sikuujua. Kwetu Tanga humuulizi mtu anapata ngapi, ni utovu wa adabu, na kwao naona ni vilevile.

Mwanzoni mwa 2024 akaajiriwa kijana mmoja, na comadre akapewa amfundishe. Mchana mmoja tukiwa tunakula, kijana akalalamika kwamba dola 18 na nusu kwa saa hazitoshi kodi ya nyumba. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Comadre aliacha kutafuna. Yeye alikuwa analipwa 16 na robo, kwa vyumba vile vile na toroli lile lile.

Hili si jambo la hoteli moja. Kwa takwimu za serikali za mwaka 2023, mwanamke wa asili ya Amerika ya Kilatini anayefanya kazi kutwa, mwaka mzima, alipata kama senti 58 kwa kila dola ya mwanaume Mzungu. Sehemu ya pengo hilo inatokana na aina ya kazi wanazopata. Sehemu nyingine ni kama ile niliyoiona mezani siku ile, na hiyo inaishi kwa sababu hatuulizani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, dada, ni huu: ulizaneni. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1935 inawaruhusu wafanyakazi wengi wa sekta binafsi kuzungumzia mishahara yao, hata kama meneja amebandika karatasi ya kukataza. Inaniuma kwamba iliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani na wa mashambani, kazi ambazo akina mama hawa wamejaa. Colorado ina sheria yake ya malipo sawa, iliyoanza kutumika Januari 1, 2021. Inataka kazi zinazofanana zilipwe sawa, inamkataza mwajiri kukuuliza mshahara wa kazi uliyotoka, na inamlazimu ataje malipo kwenye tangazo la kazi. Tena inatambua kwamba mtu anaweza kupunjwa kwa kuwa mwanamke na kwa asili yake, vyote pamoja.

Comadre hakutaka kudai. Alikuwa na mimba ya miezi minne, akaogopa watamtafutia sababu. Nilimwelewa, tukanyamaza.

Mwezi wa sita wa mimba akaomba asiinue magodoro makubwa. Supavaiza akamwambia basi akapumzike nyumbani mpaka ajifungue, bila malipo, kwa usalama wake. Ilisemwa kwa upole, na comadre akashukuru! Alikaa nyumbani wiki tatu huku kodi ikimsubiri, kabla mwanasheria wa msaada wa bure hajatueleza kwamba haikuwa halali. Tangu Juni 27, 2023 kuna sheria ya taifa ya kuwalinda wajawazito kazini. Mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi anatakiwa akurekebishie kazi: kukupa kiti, maji karibu, nafasi ya kwenda chooni, kukupunguzia mizigo, isipokuwa athibitishe kwamba itamletea ugumu mkubwa. Hawezi kukulazimisha likizo kama marekebisho mengine yanawezekana.

Tuliandika barua usiku, mezani kwangu, mtoto wangu akiwa amelala mapajani mwake. Mistari michache tu: nina mimba, siwezi kuinua uzito huu, naweza kufanya kazi ya kufulia, naomba jibu kwa maandishi. Andika hivyo. Huna haja ya kutaja jina la sheria, lakini weka tarehe, na upige picha nakala kwa simu yako. Ombi la mdomo linasahaulika siku mambo yakiharibika. Wakikukatalia, usikae ukisubiri moyo utulie: malalamiko kwa EEOC, tume ya serikali ya fursa sawa kazini, yana muda wa siku 180, au 300 kwenye majimbo kama Colorado yenye chombo chake. Sheria hizi za ubaguzi zinamlinda hata asiye na makaratasi ya uhamiaji, ila huyo aanze kwa mwanasheria.

Mimi mwenyewe nilikamua maziwa ya mwanangu chooni kazini, nimesimama, chupa nimeibana kwapani. Kumbe tangu 2010 sheria ilikuwa inataka nipewe mahali pa faragha, pasiwe chooni. Nililia nilipojua. Na ninyi mnaotoka nyumbani, mliozoea siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo Tanzania, jueni kwamba Marekani haina sheria ya taifa ya namna hiyo. Majimbo machache ndiyo yanayolipa. Colorado ilianza Januari 2024, wiki 12, na mchango wake hukatwa kwenye mshahara. Comadre alikuwa akikatwa kila malipo bila kujua ni nini.

Walimrudisha kazini, chumba cha kufulia, akipewa stuli. Zile wiki tatu hawakuzilipa mpaka leo. Ile ya mshahara tuliidai baadaye, wanawake watano kwa barua moja, na tukapandishwa kufikia 18 na nusu.

Siku zake za mwisho kabla ya kujifungua niliingia kuchukua foronya, nikamkuta anakunja taulo na binti mgeni wa Guatemala aliyeanza asubuhi ile. Hata jina lake sikuwa nimelijua. Comadre akamsogezea rundo lake la taulo, akamwambia kwa Kihispania: mimi nalipwa 18 na nusu, wewe wamekuandikia ngapi?