Uliza Ujibiwe: Nina Jumapili moja tu Hiroshima, na mimi ni Msabato

SWALI: Habari dada. Kazini wamenichagua niende Japani wiki 3, mafunzo ya mambo ya maji, na tutakuwa Hiroshima. Jumamosi mimi ni Sabato hata nikiwa huko, kwa hivyo ya kutembea imebaki Jumapili moja pekee. Nataka nione mji na nile chakula chao, sitaki kurudi hotelini na mkate na maziwa. Shida ni moja, sili nguruwe na sili kitu cha majini kisicho na magamba, na wenzangu wananitisha eti huko ndio vitu wanakula kutoka asubuhi mpaka jioni. Nianzie wapi? – Mama wa watoto wawili, Kondele, Kisumu

JIBU: Hongera sana mama, na usitishwe na mtu, utakula na utashiba. Huo mji nimeutembea kwa miguu yangu na nikipewa Jumapili moja tena najua kabisa vile ningeitumia.

Amka mapema. Panda tramu, ile treni ndogo inapita katikati ya barabara pamoja na magari, ushukie Genbaku Dome-mae, na ujikaze ufike kabla ya saa 2:15 asubuhi. Dakika hiyo ndio bomu la atomiki lililipuka tarehe 6 Agosti 1945, kama mita 600 juu ya mji, na mpaka leo saa ya mnara iliyo kwenye bustani ya kumbukumbu hapo karibu hulia kila siku ikifika hiyo 2:15. Mbele yako utaona Genbaku Dome yenyewe, jumba lililobaki mifupa, lilijengwa 1915, na kuta zake hazikuanguka zote kwa sababu mlipuko uliligonga karibu kutoka juu moja kwa moja, ukaezua paa na kuacha vile vyuma vya kuba vimesimama. Inakadiriwa watu kama 140,000 walikuwa wamekufa mwaka huo ukiisha. Na hizo tramu unazopanda, siku 3 tu baada ya bomu zingine zilikuwa zimerudi barabarani, tena yako magari yaliyonusurika, kama namba 651 na 652, ambayo yamehifadhiwa mpaka leo, ukibahatika kuona moja iangalie vizuri.

Makumbusho ya bomu yako hapo hapo bustanini, kiingilio cha mtu mzima ni yen 200, hata shilingi 200 zetu haifiki. Usiyaruke mama, najua mtu anasema amekuja kutembea si kulia, lakini ingia. Ndani kuna kontena ya chakula ya mvulana wa miaka 13 anaitwa Orimen Shigeru. Alitoka nyumbani asubuhi na chakula chake kama vile wetu wanatoka, akaenda na wanafunzi wenzake kazi ya kubomoa nyumba kwa ajili ya vita, na mamake alipokuja kuupata mwili siku tatu baadaye hiyo kontena ilikuwa chini yake. Bati limepinda, na ukichungulia ndani chakula kiko pale, hakikuliwa, kimekuwa makaa meusi. Mimi ni mzazi, kila asubuhi nafunga kontena mbili za githeri, na hapo mbele ya kile kioo nilisimama mpaka watu wakaanza kunizunguka.

Kwa hivyo ukitoka usikimbilie chakula. Kaa kwanza kando ya mto Motoyasu, kuna viti na miti, pumua. Ukiwa na nguvu pita kwenye sanamu ya watoto, ile ya 1958 iliyojengwa kwa sababu ya msichana Sasaki Sadako, aliyekuwa na miaka 2 bomu likilipuka na akafa kwa ugonjwa wa damu akiwa na 12, akikunja ndege wa karatasi. Hao ndege bado wanaletwa na watoto kutoka kila mahali.

Sasa chakula. Chakula cha Hiroshima ni okonomiyaki, na nakuomba ukile kwa mji wenyewe kwa sababu kina historia yake hapo. Kabla ya vita kilikuwa kitu cha watoto, unga umepakwa mwembamba na mboga kidogo ndani. Baada ya bomu hakukuwa na mchele wa kutosha, unga wa ngano ukawa unaingia kutoka Marekani, na kabeji ilipatikana, basi watu wakaweka bamba la chuma kwenye vibanda na mbele ya nyumba zao wakaanza kupika, kile kitu cha watoto kikawa mlo wa kushibisha mtu mzima.

Tembea kama dakika 15 hivi kupitia mtaa wa maduka wa Hondori mpaka Okonomimura, ni jengo lina vibanda zaidi ya 20 vimepangwa ghorofa juu ya ghorofa. Keti kwenye kiti cha mbele ya bamba, usiende pembeni, raha yote ni kuona. Mpishi anamwaga uji wa unga anauzungusha na mgongo wa upawa mpaka unakuwa chapati ya maji, nyembamba unaona chuma chini yake. Juu anarundika kabeji iliyokatwa nyembamba, mlima mzima, unajiuliza hiyo itaisha vipi, halafu chipukizi za maharagwe, halafu hapo ndio anapanga vipande vya nguruwe. Kwa hivyo kabla hajaanza mwambie *butaniku nashi de onegaishimasu*, yaani bila nguruwe tafadhali, na uiandike kwa simu umwonyeshe. Ongeza pia bila ngisi, bila pweza, bila chaza, na umwulize mafuta anayopaka ni ya nini. Sosi pia, ile nyeusi tamu, nyingi zina dondoo ya nyama ndani, kama unashika kabisa mwombe akuwekee chumvi badala yake. Akishageuza, kabeji inaanza kuiva kwa mvuke wake yenyewe na ule mlima unashuka pole pole, anauweka juu ya tambi, anapasua yai, anabandika kila kitu juu ya yai. Unapewa kijiko bapa cha chuma unakata na kula moto moto pale pale kwa bamba. Na usiache tipu, hawapokei, atakufuata na pesa zako mpaka nje.

Saa za mchana nenda kisiwa cha Miyajima, treni karibu nusu saa kutoka stesheni kuu halafu feri dakika 10. Lakini angalia kwanza saa za maji kupwa na kujaa, sisi wa ziwani hatuna hiyo mazoea na mimi ilinipata, nilitaka kulitembelea kwa miguu lile lango jekundu la mbao la hekalu lao, linalosimama baharini, nikakuta maji yamejaa. Ni la 1875, lina kimo cha kama mita 16, na halijachimbiwa chini, limesimama kwa uzito wake tu. Hapo wanachoma chaza kila kona na wanauza wali na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, vyote si vyako, pita tu. Chako ni momiji manju, keki ndogo za umbo la jani zina maharagwe matamu ndani, ndiyo, maharagwe na sukari, onja kabla ya kukataa. Na karatasi yoyote usiiache mkononi, kulungu wa hapo wanatembea ovyo na wanakula karatasi.

SWALI: Nina shemeji anarudi kutoka Hiroshima, nimwambie aniletee nini kisicho ghali? – Msomaji, Section 58, Nakuru

JIBU: Mwambie mwiko wa Miyajima, *shamoji*. Hicho kisiwa kinajulikana kwa miko, hata mtaani kwao wameweka mmoja wa mita 7.7 wenye uzito wa tani 2.5. Ule mdogo wa mbao ni mwepesi, unaingia kwa begi lolote, na wali haushiki sana ukilowesha mwiko kwanza. Wangu ni wa kupakulia wali tu, ugali nausonga na mwiko wetu.