Lori Likikukwaruza Yadini, Usisogeze Gari Kwanza

Picha za ajali ndogo ninazoletewa ofisini karibu zote zinafanana: bampa iliyobonyea imejaa kioo kizima cha simu, kidole cha dereva kinaonyesha palipoumia, basi. Ukiiangalia huwezi kujua gari ni la nani, lilikuwa wapi, wala nani alimfuata mwenzake. Ninasimamia magari ya mizigo hapa Dar es Salaam, mengi yakiingia bandarini na kwenye yadi za makontena za Kurasini, na kila ukitokea mkwaruzo kazi yangu ni kumweleza mtu ambaye hakuwepo. Anaweza kuwa mkaguzi wa bima, au mwenye gari aliyeko Lubumbashi, au trafiki aliyefika magari yakiwa yameshaondolewa. Mpigie picha mtu huyo. Wewe uliyekuwepo huzihitaji.

Magari yakigusana, zima injini, washa hazadi, weka pembetatu, kisha tafuta watu kabla ya kutazama bati. Wa kwanza kumtafuta ni utingo, maana ndiye huwa nyuma akielekeza rivasi. Mtu akiumia, hata kama anasema yuko sawa, habari ya kumalizana pale pale iishe: ni hospitali na polisi, na fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka majeruhi kutibiwa.

Kama hakuna aliyeumia, presha itaanza. Nyuma yako kuna foleni ya semi, honi zinalia, mlinzi anapiga kelele, "Sogezeni, sogezeni, mnaziba geti!" Usigombane naye, kwa sababu baadaye utamhitaji kama shahidi. Mwambie, "Kaka, naomba dakika tano tu nipige picha, natoa." Halafu toa chaki. Kila gari ninalosimamia lina kipande cha chaki kwenye droo ya dashibodi. Chora mstari pale tairi zinapogusa lami, magari yote mawili, piga picha ya mistari, na hapo mnaweza kupisha njia bila kupoteza ushahidi. Yadi ikiwa ya changarawe au tope, na nyingi ndivyo zilivyo, weka mawe.

Anza mbali. Zunguka magari yote mawili, piga kutoka kila pembe, na kila picha iwe na kitu kisichoweza kuhama: geti, nguzo ya taa, namba ya ghala. Kisha sogea uchukue yale magari mawili pamoja na namba zao. Mwisho ndipo uinamie mkwaruzo wenyewe, ukiweka biro pembeni ili ukubwa wake ueleweke, na ukiwa na tepu pima urefu kutoka chini hadi ulipo mkwaruzo, kwenye gari lako na kwenye la mwenzako. Vipimo hivyo viwili vimenisaidia kuliko maelezo ya mdomo. Bampa ya lori haiwezi kukwangua mlango wa gari dogo chini ya mahali inapofika, na mwenye gari dogo akidai hivyo kuna mkwaruzo mwingine anataka kuupakia humo humo. Angalia pia kutu. Bati lililochunwa leo linang'aa, na mara nyingi rangi ya gari la pili imebaki juu yake. La zamani lina kutu na vumbi limeingia kwenye ufa. Piga na upande ambao haukuguswa kabisa. Madereva hunishangaa kwa hilo, lakini ndiyo picha inayozuia taa ya upande wa pili kuongezwa kwenye madai wiki ijayo.

Na tairi za mbele, jamani, msizisahau. Tuliwahi kuwa na ugomvi kwenye maegesho ya maghala kule Vingunguti: Fuso yetu ilikuwa inatoka, mwenye gari dogo lililopaki kushoto anasema kagongwa, dereva wetu anaapa kwamba alikuwa anaenda mbele na hakupiga rivasi hata kidogo, sasa angemgongaje mtu aliye nyuma yake? Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Lori lenye bodi ndefu likikata kulia, mkia uliopita tairi za nyuma hutupwa kushoto kwanza, na dereva hausikii wala hauoni vizuri, kwa kuwa gari la usukani wa kulia upande wa kushoto ndio kipofu. Picha iliyoonyesha tairi zimekatwa kulia mpaka mwisho ilimaliza maneno. Tulilipa, na dereva hakuitwa mwongo.

Kwa semi kuna namba mbili. Kichwa kina yake na tela lina yake, bima zao zinaweza kuwa tofauti, na wakati mwingine hata wenyewe ni watu wawili. Chukua zote. Gari la Tanzania, hakiki bima yake hapo hapo kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, mtandaoni, usiridhike na karatasi. Gari la Zambia au la Kongo, omba kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), yaani bima inayovuka mipaka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango huo wa bima, kwa hiyo kadi hiyo inafanya kazi hapa. Ipige picha uone tarehe na namba ya gari. Piga leseni pia, na namba ya simu unayopewa ibipu palepale isikike ikiita.

Kama kuna kontena mgongoni, usiishie kwenye lori. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba. Ichukue, pamoja na sili, milango na nguzo za pembeni. Lori linaweza kutoka bila alama yoyote, halafu siku ya kurudisha kontena tupu yadi ikaandika pembe imebonyea kwenye karatasi ya makabidhiano, na bili ikamfuata aliyelibeba.

Sasa swali ambalo kila mtu huniuliza: tumalizane au tuite trafiki? Kwangu, kioo cha sait mira au taa ya indiketa, malizaneni, mradi iandikwe. Bampa na show (uso wa mbele wa gari) sikubali mpaka fundi afungue, maana plastiki hurudi ikakaa kama haijaguswa wakati nyuma yake vishikizo vimekatika na rejeta imesukumwa. Karatasi iwe na tarehe, saa (andika asubuhi au usiku), mahali, namba za magari, kilichoharibika, kiasi, na sentensi inayosema kama fedha hiyo inamaliza yote au inahusu kinachoonekana tu. Mlinzi asaini. Lipa kwa simu ili ujumbe ubaki.

Lakini kabla ya kukiri kosa au kuahidi malipo, pigia kampuni yako ya bima. Mikataba mingi inakataza kukubali lawama bila wao kujua, na ukishaandika "nitalipa" wanaweza kukuachia ulipe mwenyewe. Bima ndogo italipa gari la mwenzako, lako ni juu yako. Bima kubwa ina sehemu unayobeba mwenyewe, kwa hiyo ukarabati mdogo unaweza usifike hata hapo. Ukiamua kudai, trafiki lazima aje apime na kuchora ramani, na utafuatilia fomu za polisi: PF90, PF93 ya ukaguzi wa gari na PF115. Faili lisilo na fomu hizo hukaa mezani.

Jioni hiyo hiyo dereva aandike maelezo yake, na utingo yake, kila mtu peke yake. Omba picha za kamera za ulinzi siku ileile, kwa kuwa mashine hurekodi juu ya za zamani. Na picha za simu zitumwe WhatsApp kama faili. Ukizituma kama picha za kawaida zinapunguzwa ubora na kupoteza taarifa za saa na mahali. Zile za asili zibaki kwenye simu.

Siku hizi nawataka madereva wapige picha nne, kila pembe moja, kabla ya kutoka yadini asubuhi. Wanalalamika kwamba zinajaza simu. Tumekubaliana wafute za wiki iliyopita kama gari limerudi salama, za jana waziache.