Jibu: Taa za magari mapya zinakupofusha usiku Iringa–Mbeya? Usikimbilie kufunga LED

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: gari lako lina balbu za kawaida za H4, unasafiri Iringa–Mbeya usiku na mzigo, mabasi na magari mapya yanakumulika mwanga mweupe hadi barabara inapotea, na fundi amekwambia ufunge LED nawe uwe na nguvu. Usifunge. Mwanga unaoukosa, sehemu kubwa inapotelea kwenye gari lako hata kabla hujapishana na mtu.

Chukua H4 iliyoungua uitazame vizuri. Ndani kuna nyuzi mbili, ya dimu wati 55 na ya fulu wati 60. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati. Hicho kinazuia mwanga usipige nusu ya chini ya rifleta (ile bakuli inayong'aa nyuma ya balbu), maana ukipiga pale unarudi ukielekea juu, kwenye macho ya watu. Ndiyo maana dimu nzuri ukutani inachora mstari: chini nuru, juu giza, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo ili uone watembea kwa miguu na vibao. Taa za Japani zinapandisha kushoto kama tunavyotaka. Ukinunua taa zilizotumika za gari la nchi wanakoendesha kulia, zinapandisha kulia, yaani usoni kwa anayekuja, na hakuna skrubu ya kurekebisha hilo.

Sasa LED ya kuchomeka. Vile vidoti vya mwanga visipokaa pale pale uzi ulipokuwa, kwa tofauti ya milimita tu, rifleta inatawanya. Unapata mwanga mkali mita kumi mbele ya bampa na giza kule unakokwenda. Mboni ya jicho inajifinya kwa sababu ya ule mwanga wa karibu, kwa hiyo mbali unaona kidogo kuliko mwanzo, ingawa moyoni unajisikia umepata taa. Na ule weupe wa kuelekea bluu (kelvini 6000 kwa kipimo cha rangi ya mwanga, wakati halojeni, yaani balbu yako ya kawaida, iko kwenye 3200 hivi) unachosha jicho la mwenzio zaidi. LED zilizotoka kiwandani ni habari nyingine: zimeundwa na lenzi yake, na tatizo lake nitalifikia.

Anza na volti. Washa injini, weka dimu, pima betri kwa multimita: iwe 13.8 hadi 14.2. Kisha pima nyuma ya soketi ya balbu, balbu ikiwa inawaka. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali umeme unaliwa: athi (pale waya unaporudisha umeme kwenye bodi) yenye kutu, swichi iliyochoka, au waya mwembamba. Usidharau hiyo nusu. Halojeni ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Watu wengi wanaolalamika kwamba H4 haina nguvu wanaendesha na volti 11.8 kwenye soketi. Dawa ni kukwangua athi hadi chuma king'ae, na kuweka rilei mbili (swichi zinazowashwa na umeme), moja ya dimu na moja ya fulu, kwa waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri, kila njia na fyuzi yake ya ampea 15 karibu na betri. Balbu ya wati 100 si dawa. Inavuta karibu mara mbili ya umeme, soketi inaanza kuwa ya kahawia, kisha inayeyuka. Na balbu mpya ishike kwa kitambaa, kioo chake hakitaki mafuta ya vidole.

Halafu kipimo cha ukutani, ambacho gereji nyingi hawakifanyi wakishabadilisha taa au shokapu. Tafuta sehemu tambarare kabisa, upepo wa matairi uwe sawa, mtu akae kwenye kiti cha dereva. Sogea karibu na ukuta, weka alama ya chaki usawa wa katikati ya kila taa. Rudi nyuma mita 5. Washa dimu: mstari wa nuru ukae sentimita 5 chini ya alama. Huo ni mshuko wa asilimia 1 ya umbali. Taa nyingi zina skrubu mbili nyuma, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Zungusha nusu mzunguko, angalia, zungusha tena. Usilazimishe, meno yake ni ya plastiki.

Kwa nini niking'ang'anie hiki? Taa iliyo sentimita 70 kutoka ardhini, ikishushwa asilimia 1, mstari wake mita 50 mbele uko sentimita 20 juu ya lami. Haimgusi mtu. Sasa pakia gunia za viazi nyuma, gari la urefu wa mita 2.5 kati ya ekseli likae sentimita 5 nyuma. Pua imeinuka asilimia 2, na ule mstari mita 50 mbele uko sentimita 120, usawa wa macho ya dereva wa gari dogo. Dimu yako imekuwa fulu bila wewe kugusa swichi. Waliofunga spesa (vipande vya kuinua gari) nyuma tu wana kinyume chake, taa zinaangalia chini, halafu wanashangaa hawaoni. Kwa mzigo, magari mengi ya Kijapani yana kigurudumu kidogo karibu na usukani, namba 0 hadi 3 au 5: sifuri ni wewe peke yako, namba ikipanda taa zinashuka. Kama hakifanyi kazi, mota yake nyuma ya taa imekufa au waya umechomoka.

Na hapa ndipo wanapoingia wale wanaokuumiza. Magari yenye HID (taa za gesi, zile za zenoni) au LED za kiwandani mengi yanashusha taa yenyewe kwa kutumia sensa, kijiti chembamba kilichofungwa kwenye mkono wa nyuma wa sasipenshani. Barabara za vumbi na mawe zinakivunja, au kinapinda gari likiinuliwa. Taa zinabaki zimeinuka, na mwenye gari hajui kitu kwa sababu yeye anaona vizuri sana. Ukimpiga fulu anakujibu kwa fulu halisi, ndipo ujue alikuwa kwenye dimu muda wote. Wengine wana fulu ya kujizima kwa kamera. Kwenye kona kali kamera inachelewa kukuona, na bodaboda au baiskeli yenye taa hafifu mara nyingi haiitambui kabisa. Tena si kila mwanga mkali ni kosa la mtu: gari linaloibuka kileleni pua ikiwa juu litakupiga machoni hata likiwa limepimwa vizuri. Subiri sekunde mbili kabla ya kukasirika.

Kioo cha mbele. Kwa ndani kina utando wa mafuta unaotoka kwenye plastiki za dashibodi zikipigwa na jua, na kwa nje vumbi la Igawa na Chimala limesagwa na waipa kavu. Mchana huoni kitu. Usiku kila taa inakuwa mpira wa nuru. Pangusa ndani kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha spiriti, kisha gazeti kavu. Raba za waipa zikianza kuacha mistari, badilisha. Ukungu wa ndani kwenye baridi ya Makambako au Njombe unatoka kwa AC na hita pamoja, kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kikiwa kimezimwa. Kioo cha taa kilichopauka kisugue kwa msasa wa maji 800, 1500, 2000, 3000, kisha polishi, kisha kliya (rangi angavu) ya kuzuia jua. Ukiruka kliya kitapauka tena baada ya miezi michache. Dawa ya meno inadumu wiki kadhaa tu.

Barabarani: usimtazame anayekuja. Macho yaende kwenye mstari mweupe wa ukingo wa kushoto, na mguu utoke kwenye mafuta kabla hajafika, si wakati anakupita. Kwa kilomita 80 kwa saa unasafiri mita 22 kila sekunde, na kusimama kabisa kunataka karibu mita 70 kwenye lami kavu. Dimu nzuri ya H4 inakuonyesha kitu cheusi kwenye mita 50 hivi. Hesabu haikubali. Kwa 60 inakubali kwa shida, mita 45. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, hizo sekunde za upofu zimeongezeka kwenye barabara hii.

Lori likikukaribia na indiketa ya kulia inawaka, mara nyingi dereva anakuonyesha mwisho wa bodi yake upande wako. Usidhani anakata kona, baki kwenye njia yako. Na ukiona matawi ya miti yametupwa barabarani, punguza hapo hapo. Lori limeharibika mbele, halina taa, na huenda tawi la kwanza liko mita 30 tu kutoka lilipo. Mwanga wa anayekuja ndio unaolificha: unaona taa zake, huoni lile jeusi lililo kati yenu.

Ukungu wa Sao Hill na ule wa Isyonje ukielekea Tukuyu, zima fulu kabisa, baki na dimu na foglaiti za chini. Kioo cha ndani, sukuma kile kijiti chake cha chini kwa ajili ya wanaokufuata.

Miwani ya njano wanayouza stendi usinunue. Inapunguza mwanga wote, na utafiti wa Marekani wa 2019 ulioijaribu haukuona ikimsaidia dereva kumwona mtembea kwa miguu mbele ya taa kali. Kama tayari unavaa miwani ya kuonea, omba lenzi zenye utando wa kuzuia kuakisi, na zikikwaruzika zibadilishe. Na kama umevuka miaka 45 na kila taa, hata ya bodaboda, ina miali na duara kuizunguka baada ya kusafisha kioo, kapime macho. Mtoto wa jicho huanza hivyo hivyo, na hakuna balbu inayoutibu.