Nakala "ilisema" au "alisema"? Na huo "utofauti" wa nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji wa katuni, naishi Nkuhungu, Dodoma. Nachora hadithi ya kubuni ya kisayansi. Mtumishi mmoja wa Mji wa Serikali wa Mtumba anajitengenezea watu watatu kutokana na seli zake mwenyewe ili wamsaidie kazi, lakini kila mmoja anatoka na tabia yake: mmoja mwoga, mmoja mlafi, wa tatu anautaka ubunge. Nimeandika: "Nakala zake zilikuwa na utofauti mkubwa, na kila moja ilisema lake." Rafiki yangu anasema "ilisema" si sahihi. Nani amepatia?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako amepatia, na nitamfikia. Kwanza tuling'oe neno ambalo hata hukuliulizia: "utofauti".

Neno hili limeota kila mahali. Liko kwenye mabango ya barabarani, kwenye mahubiri na kwenye taarifa za habari. Anayetuuzia sabuni anatuahidi kwamba "tutaona utofauti". Mchambuzi wa mpira anatuambia "kuna utofauti mkubwa kati ya timu hizi mbili". Tofauti yenyewe imekosa nini hata ikavishwa kofia?

Tofauti ni nomino tayari. Tuliipata kutoka Kiarabu, *tafawut*, ikaingia ngeli ya I-ZI ikatulia humo: tofauti hii, tofauti hizi, tofauti yao, tofauti zao. Kiambishi u- kinahitajika pale ambapo nomino haipo. Safi huzaa usafi, muhimu huzaa umuhimu, -zuri huzaa uzuri. Wapo wanaonijibu kwamba sawa imezaa usawa, na kwamba tofauti nayo hutumika kama kivumishi: watu tofauti, rangi tofauti. Kweli kabisa. Lakini huwezi kusema "sawa yao ni kubwa", ndiyo maana tukauhitaji usawa. "Tofauti yao ni kubwa" unasema, na hakuna anayeshtuka. Hatari iko vivyo hivyo, kivumishi na nomino kwa pamoja: mahali hatari, hatari ya moto. Na wale wale wa utofauti wameshaanza kutuletea "uhatari".

Nenda soko la Majengo, hapo hapo mjini kwenu, uulize bei ya zabibu. Tuseme hizi ni shilingi 3,000 kwa kilo na zile 3,500. Mwulize mama muuzaji mbona zimepishana. Atakujibu: "Tofauti ni mia tano tu, mwanangu." Hatasema "utofauti ni mia tano", hata umkeshee. Mama huyo huyo mwalike kwenye semina ya wajasiriamali, mpe kipaza sauti, na utamsikia: "Changamoto yetu ni utofauti wa bei." Zabibu ni zile zile na mia tano ni ile ile. Kilichoongezeka ni kipaza sauti, na pamoja nacho imani kwamba neno likirefuka linapata heshima. Penye kitu cha kuhesabu, Mswahili hababaiki: tofauti ya bei, tofauti ya mabao, tofauti ya kura. Utofauti huzuka pale tu anapotaka kuonekana msomi, na hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu tunafundishana kulionea haya neno zuri linalojitosheleza.

Hebu litazame katika hadithi yako. Mwoga, mlafi na mgombea wakigombana kisha wakapatana, utaandika "wamemaliza tofauti zao". Andika "wamemaliza utofauti wao", na msomaji ataelewa kwamba sasa wote watatu wamekuwa na tabia moja, yaani katuni yako imekwisha. Na ukiitaka hasa hali yenyewe ya watu kutokuwa sawa, kitenzi kinakupa kutofautiana.

Mazungumzoni nimeshachoka kuwasahihisha watu, nauacha utofauti upite. Kwenye kitabu ambacho watoto watajifunzia kusoma, siuachi.

Sasa rafiki yako. Kiswahili hutazama uhai kabla ya ngeli. Kiboko amelala, kipofu amefika. Hatusemi "kimelala" wala "kimefika". Kinachosema na kutamani ubunge ni mtu, kwa hiyo nakala yake alisema, nakala zake walisema. Hiyo "zake" ibaki, kama tunavyosema "rafiki zake walikuja". Ila usiitupe "ilisema" yako, ina kazi. Mpe bosi asiyewahesabu hao kuwa watu, aulize: "Ile nakala iko wapi?" Kisha mama mzazi wa mtumishi aingie mlangoni na kuuliza: "Yuko wapi?" Viambishi vitakuwa vimeeleza nani ana utu, bila wewe kuongeza mchoro.

Hata hivyo nakala mimi naiachia karatasi. Pacha naye hafai, maana mapacha huchukuliwa mimba moja. Tumia kloni, yaani kiumbe anayetokana na seli za mwenzake mmoja tu, wingi makloni, kama pacha na mapacha. Neno lina asili ya Kigiriki, lenye maana ya kitawi, na mkulima wa zabibu wa Makutupora anayekata kipande cha mzabibu na kukichomeka ardhini hutengeneza kloni kila msimu wa kupanda. Kondoo Dolly, kloni wa kondoo mwingine, alizaliwa Uskoti mwaka 1996, na tangu hapo dunia nzima inalijua neno hili.

Wala usiogope kwamba makloni yako yamepishana mno. Mwaka 2001 huko Texas, Marekani, alizaliwa paka kutokana na seli za paka wa rangi tatu, akatoka bila ile rangi ya chungwa ya mwenzake. Na umeona nimeandika "makloni yako yamepishana"? Nimekosea kwa makusudi nione kama unasoma: ni makloni *wako wamepishana*.

Andika hivi: "Makloni wake walikuwa na tofauti kubwa, na kila mmoja alisema lake."